Mwalimu Makarius Anastaafu, na Jina la Ngolo Lisiachwe

Tarehe 30 Juni 1999 mwalimu wetu mkuu, Mwalimu Makarius, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya ualimu, ishirini kati ya hiyo akiwa hapa hapa Mpanda. Mimi Pelagia, mwalimu wa Kiswahili, ndiye niliyepewa kazi ya kumwandikia wasifu huu.

Alizaliwa Kabungu, wilaya hii hii. Alianza kufundisha shule ya msingi, akajiendeleza mpaka akapata stashahada ya hisabati. Wengi watamkumbuka kwa masika ya mwaka jana, reli ya Tabora ilipokatika na chaki zikatuishia. Alituma watu sokoni wakanunue makopa, vile vipande vya muhogo mkavu, akawa anaandika nayo ubaoni. Hesabu zilisomeka vizuri kabisa; taabu ilikuwa kuwazuia wanafunzi wa bweni wasitafune chaki.

Nilipompelekea maandishi yenye sifa hizo na nyingine nyingi, aliyasoma yote, kisha akanirudishia.

"Ngolo yuko wapi humu?" akauliza.

Nikamwambia kwamba siku ya kuagana si siku ya mambo yale.

"Basi usiandike kabisa, Mwalimu Pelagia."

Kwa hiyo naandika.

Mwaka 1994 chuo kimoja cha ufundi kilitoa nafasi moja kwa mtoto wa wilaya yetu, kwa kuwa tulihesabiwa nyuma kielimu. Mikoa mingine ilitakiwa alama sabini na tano. Sisi tulipunguziwa hadi sitini. Wanafunzi wetu wawili walivuka. Leodgar, kijana wa Kabungu, alipata sitini na tatu. Ngolo, binti wa Manyanda, alipata sabini na moja. Manyanda ni mfugaji aliyehamia Mamba, humu humu wilayani, na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, Ngolo akiwa bado anabebwa mgongoni.

Kwenye kikao cha uteuzi mjumbe mmoja aliuliza, "Mwalimu Mkuu, huyu binti ni wa wapi?"

Mwalimu Makarius akajibu, "Huyo ni wa Shinyanga. Ameletwa huku na ng'ombe."

Watu wakacheka. Yeye pia alicheka. Binti akahesabiwa wa Shinyanga, na kwa Shinyanga sabini na moja haikutosha. Nafasi ikaenda kwa Leodgar. Mwalimu hakuhongwa na mtu. Anasema alitamani tu, kwa mara moja, aende mtoto wa kwao.

Wiki iliyofuata Manyanda alifika shuleni kwa baiskeli, amefunga jogoo nyuma. Nilikuwepo barazani. Alimkabidhi Mwalimu yule jogoo, akamshukuru kwa kumfundisha mwanawe, halafu akamwomba amweleweshe jambo moja.

"Wamesema mtoto si wa huku. Mama yangu nimemzika Mamba, Mwalimu. Sasa huko Shinyanga mtoto nimpeleke kwa nani?"

Mwalimu alisimama ameshika jogoo. Kesho yake alipanda lori kwenda mkoani Sumbawanga kuomba uamuzi ubadilishwe. Aliambiwa majina yameshapelekwa, na kwamba maneno yaliyoandikwa kikaoni ni yake mwenyewe. Mwaka uliofuata nafasi ilikuwa ya wahitimu wapya. Ngolo alibaki Mamba, akaolewa, analima mpunga. Leodgar alimaliza chuo vizuri na leo ni fundi umeme. Hana kosa lolote.

Tangu hapo, kila kikao, Mwalimu Makarius amekuwa akisema kabla hajaulizwa kwamba mtoto ni wa pale alipokulia. Watoto watatu wa wafugaji wamepita kwa neno hilo. Tukimsifu kwa hao watatu, huinuka akaondoka.

Mwezi uliopita alikwenda Mamba. Kwa miaka yote mitano hakuwahi kumwambia Ngolo kwamba maneno yale yalitoka kinywani mwake. Alimkuta shambani, akamwambia yote, na habari ya kucheka pia.

"Nilijua, Mwalimu," Ngolo akamjibu. "Niliambiwa mwaka ule ule. Nilikuwa nangoja uje useme mwenyewe, halafu nikaacha kungoja."

Akampa maji ya kunywa, akarudi kuvuna. Hakusema amesamehe, na Mwalimu hakumwomba. Aliniambia kwamba alikunywa yale maji huku anaangalia chini.

Mwalimu Makarius, ulitufundisha hesabu, na ukatuwekea jambo hili mezani wakati ungeweza kuondoka nalo kimya kimya. Tunakushukuru kwa yote mawili, ingawa hili la pili linatuinamisha vichwa na sisi. Nenda salama Kabungu. Tunakuombea afya, mvua za kutosha na uzee wenye utulivu. Ngolo tulimwalika leo. Hakuja. Kiti chake tumekiacha wazi, safu ya mbele.