Mwalimu Jin: Moira Kinsella na Maisha Yake Shiqiao

Ndugu, majirani, na nyinyi wanafunzi mliofunga maduka na madarasa mkapanda mlima leo: Mwalimu Moira Kinsella, ambaye Shiqiao nzima ilimwita Mwalimu Jin, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 huko Ennistymon, magharibi mwa Ayalandi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bwana Tomás Kinsella, mwoka mikate, na Bibi Nuala. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na wifi yake, Peng Jinfeng. Wifi huyo hajui kuzungumza taratibu, basi mumvumilie.

Alisoma shule ya masista mjini kwao, kisha chuo kikuu cha Galway, akapata shahada mwaka 1982. Alifundisha Ayalandi miaka minne. Halafu akaona tangazo gazetini kwamba chuo cha ualimu katika mji mdogo wa mkoa wa Hunan, China, kinatafuta mwalimu wa Kiingereza. Hakumwomba mtu ushauri. Tarehe 3 Septemba 1986 alishuka kituoni Shiqiao amevaa koti la sufu katika joto la kuyeyusha mishumaa, na mji mzima ukatoka kumtazama!

Somo lake la kwanza lilikuwa balaa. Aliuliza swali jepesi, darasa likainamisha vichwa. Akalirudia polepole. Kimya. Akaamini kwamba hawajui hata salamu. Kengele ilipolia, kiranja wa darasa, Shen Baolin, alimfuata mlangoni.

“Mwalimu, tunajua jibu.”

“Mbona mmeinamisha vichwa tu?”

“Anayejibu peke yake anajifanya bora kuliko wenzake. Na akikosea, watamcheka mpaka ahitimu. Tuulize wote.”

Kesho yake akawauliza wote. Lo! Vijana arobaini walijibu kwa mpigo mmoja, madirisha yakatikisika, mkuu wa chuo akaja mbio akidhani paa limeporomoka. Mwalimu Jin alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo aliwatoa uwanjani kila alfajiri, kila mtu na kitabu chake, wakisoma kwa sauti kubwa kadiri ya mapafu yao. Wauza mboga walisimamisha mikokoteni kuwasikiliza. Mzee mmoja muuza tofu alianza kunadi kwa Kiingereza, ingawa hakuwa na mnunuzi hata mmoja aliyekielewa. Miaka thelathini na minne alifundisha chuoni hapo, na leo walimu wengi wa Kiingereza wa wilaya yetu ni watoto wa uwanja ule.

Alipendana na Peng Guangyao, mwalimu wa fizikia, mtu mpole asiyejua kukataa. Sikukuu ya Mwaka Mpya ya 1989 Guangyao alimleta nyumbani aonwe na mama yake, Bibi Luo Chunxiu. Kwao Mwalimu Jin alikuwa amefunzwa kwamba kusaza chakula ni kumdharau mpishi, basi akasafisha kila sahani. Kwetu sahani tupu ni mwenye nyumba kuumbuka: mgeni hajashiba. Bibi Luo akapika tena. Mwalimu akala tena. Samaki wa pilipili akaisha, nyama ya moshi ikaisha, ikabidi Jinfeng atumwe kwa jirani kuazima mayai.

“Guangyao,” Bibi Luo alinong’ona jikoni, jasho likimtiririka, “umeniletea mchumba au umeniletea jeshi?”

“Mama, anaipenda mikono yako.”

“Ataila na mikono yenyewe! Na kwao anarudi lini?”

Walioana tarehe 2 Mei 1990, wakajaliwa binti, Ruolan, mwaka 1993. Lakini swali lile halikwisha. Kila Mwaka Mpya Bibi Luo alimweka kwenye kiti cha heshima kinachoutazama mlango, akamjazia bakuli, akamuuliza kwao anarudi lini. Akigusa kisu, ananyang’anywa. “Wewe kaa, mgeni wetu.” Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, Bibi Luo alimnyima jembe miaka zaidi ya thelathini. Watu wa nje waliona heshima. Mwalimu Jin aliumia.

“Jinfeng,” aliwahi kumwambia wifi yake, “wewe mama anakugombeza kutwa. Mimi hajawahi hata kunifokea.”

“Nikugawie kidogo? Ninayo ya kutosha!”

Alicheka, kisha akalia. Alitaka jambo hilo moja tu, ahesabiwe mtoto wa nyumba hii.

Mwezi Oktoba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Changsha. Mdogo wake, Declan, alimsihi arudi Ayalandi, naye akakataa. Bibi Luo, akiwa na miaka tisini na moja, alimpelekea supu hospitali, akamlisha kijiko kwa kijiko. Mwalimu Jin alifariki alfajiri ya tarehe 17 Mei 2023, mkono wake ukiwa katika mkono wa Guangyao. Hadi mwisho alimuuliza mumewe kama atazikwa kama mgeni.

Leo asubuhi Declan, aliyesafiri kutoka Ayalandi, aliona Bibi Luo hayumo katika msafara. Uso ukambadilika. “Hata leo hakumtaka?” Jinfeng alirudi nyumbani mbio, akamkuta mama yake jikoni, amejifungia.

“Mama, twende. Kaka yake amekasirika.”

“Ingekuwa tunamsindikiza mgeni, ningetangulia mbele yenu wote,” alijibu kutoka ndani. “Tangu lini mzazi wa hapa akamfuata mtoto wake kaburini? Kamwambie hivyo huyo kaka yake. Na ondoka mlangoni, mjinga wewe, niache nimlilie mwanangu.”

Declan amekwisha kuambiwa. Amelia, tukalia naye.

Marehemu ameacha mume, Peng Guangyao, binti, Peng Ruolan, mdogo wake, Declan Kinsella, wifi, Peng Jinfeng, wanafunzi wasiohesabika, na mama yake, Luo Chunxiu, ambaye kwa desturi yetu amebaki nyumbani.

Apumzike kwa amani katika mlima wa akina Peng.