Nanga ya Ghuba Nyeusi

Kaeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki mbali tena. Mutunga, acha kusimama mlangoni. Wewe ndiye mkubwa, na maneno haya yatakulemea kuliko mwenzako. Mumbua, mpe mama huyu kiti. Mlidhani ametoka kanisani kuniombea. Huyu ni Kaluki, mjane wa Ndolo aliyekuwa mtoto wa baba yangu mdogo, na nimemtumia ujumbe mara tatu mpaka akakubali kutoka kwao Kitui aje asikie. Daktari amesema ini limekwisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami yangu nimeyaficha miaka ishirini na sita.

Ndolo na mimi tulikuwa maseremala kwa Kalasinga mmoja pale Makindu. Mwaka wa sitini na nane mzungu mmoja, mchunguzi wa samaki, aliagiza mashua ya tanga ya kupeleka ziwa la kaskazini, lile ambalo siku hizi linaitwa Turkana, na ilipokamilika akatuchukua sisi wawili tuitunze, kwa sababu tuliijua kila msumari. Sisi watoto wa mito ya mchanga tukajifunza tanga na kasia kwa hofu na matapishi. Ndolo alikuwa mdogo wangu, lakini alijifunza haraka kunizidi, na mzungu akawa anamwita yeye kwanza. Nilimwonea wivu. Hapo ndipo ubaya wote ulipoanzia.

Katika ziwa lile kuna kisiwa kilichotapikwa na moto wa ardhini, cheusi chote. Mnayajua mawe yaliyoungua kule Chyulu, yanavyokata soli ya kiatu. Sasa yafikirieni chini ya maji, na juu yake upepo unaoshuka mlimani kama ng'ombe walionusa kisima. Katika ghuba ya kisiwa hicho nanga haishiki kila mahali. Mzungu alitufundisha, na Ndolo akashika kila neno: tafuteni mchanga, msitupe nanga juu ya mwamba, fungeni mnyororo kwenye nanga kwanza, ndipo kamba, kwa kuwa jiwe hula kamba, achilieni kamba ndefu, mara tano ya kina cha maji au zaidi, kisha irudisheni mashua nyuma mpaka mwone nanga imeuma, na mchague mawe mawili ufukoni, moja mbele ya jingine, mkiona yanaachana mjue mnaburutwa.

Asubuhi moja katika ghuba hiyo zamu ya nanga ilikuwa yangu. Mnyororo nilikuwa nimeuacha kambini bila kumwambia mtu, kwa uvivu tu, kwa kuwa ulinichubua mabega. Nikafunga kamba tupu, nikatupa. Ndolo akaniuliza, "Kaka, huko chini ni mchanga?" Nikasema ni mchanga. Akasema, "Basi tuvute kidogo tuone kama imeshika." Nikamfokea mbele ya mzungu, "Wewe ni nani wa kunipima mimi? Imeshika!" Hakuwa mtu wa kubishana na mkubwa wake. Mimi na mzungu tukashuka na kimashua kidogo kupeleka nyavu ufukoni, naye akabaki kulinda chombo.

Saa nne upepo ukashuka. Niliona mashua ikigeuka, kamba ikakazika kama waya, kisha ikalegea, na nilijua pale pale jiwe limeikata. Ndolo alikimbilia tanga, akapigana nalo, akatutazama mara moja. Hakupiga kelele. Upepo ukaisukuma mashua hadi kwenye meno ya mwamba kwenye mdomo wa ghuba, ikapasuka, nasi tumesimama juu ya mawe kama watu wanaotazama nyumba ya jirani ikiteketea. Tulimpata siku ya tatu. Tukamfunika kwa mawe, maana pale hapana udongo.

Sasa sikilizeni lililo baya zaidi. Maji yalileta kipande cha kamba kimesagika. Nikakitia motoni kabla mzungu hajakiona. Nikamwambia mzungu kwamba Ndolo alikuwa na chupa, alilewa, akafungua kamba mwenyewe. Nikarudi kwetu Mukuyuni nikasema hivyo hivyo mbele ya kanisa zima, juu ya mtu ambaye hakuwahi kuonja hata pombe ya miwa. Kanisa likakataa kumfanyia ibada. Kaluki alikuwa na mimba. Akachekwa kisimani, akachekwa sokoni, mpaka akafunga mizigo akarudi kwao, na Ndinda akazaliwa huko bila kumjua baba wala shamba lake. Na shamba hilo, zile ekari nne za kando ya mto, nikalilima mimi. Mutunga, michungwa yako imesimama juu yake.

Usinitazame hivyo. Ndiyo, nimesikia, "Baba, nimejenga pale." Najua umejenga, nilikutazama ukijenga nikanyamaza, na hilo nalo ni kosa langu. Shamba lirudi kwa Ndinda, pamoja na michungwa. Mwombe Kaluki muda wa kuhamisha nyumba. Akikunyima, ng'oa mabati yako uende kwa amani. Shamba la kilimani ni langu kweli, nalo ni lenu. Gawaneni bila wazee.

Kaluki, mke wa ndugu yangu, nimekuomba msamaha. Mmemsikia alivyonijibu: "Uliliua jina lake kanisani. Usinilipe hapa kitandani." Amesema haki. Nilitaka nibebwe kanisani Jumapili, lakini leo ni Jumatano, na miguu imekwisha kunitangulia.

Kwa hiyo utakwenda wewe, Mumbua. Mutunga ana hasira, na hasira hula maneno. Simama kabla ya mahubiri, utaje jina langu lote, usiseme "mzee fulani". Msinizike kabla ya hapo, hata nikinuka. Ndolo aombewe kwanza. Mimi, nifukieni tu... wimbo mmoja watosha.

Mutunga, njoo. Lete mkono. Mungu awape mvua kwa wakati wake... awape watoto wasioona haya kuwataja. Asiwape ulimi wangu. Nimewabariki wote wawili, na Ndinda... Ndinda pia, kama atapokea.

Maji kidogo. Hapana, acha.

Kaluki, usiondoke bado. Mumbua, simama hapo. Sema utakavyosema Jumapili, na mama huyu asikie... Anza na jina langu. Kwa nguvu, mwanangu. Kwa nguvu zaidi... mbona sikusikii?