Pa Joof, Mtani Aliyetukalisha Chini Katikati ya Maji

Bismillahi. Baada ya miaka thelathini na minne ya kuvusha watu na mali zao kati ya Barra na Banjul, Bwana Anselm Joof, msimamizi wa sitaha wa kivuko chetu, anastaafu rasmi tarehe 30 Novemba mwaka huu. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe ya leo. Waliosoma kunizidi wapo ofisini, lakini wao wenyewe wamesema kalamu apewe mtani wake. Yeye Mserer, mimi Mjola. Nikikosea neno hana ruhusa ya kukasirika.

Pa Joof ni mzaliwa wa Barra, nyuma ya soko la samaki. Alianza kazi kama kibarua wa kushika kamba, akawa mpangaji wa magari, kisha msimamizi wa sitaha nzima. Kupanga magari kunaonekana kazi rahisi mpaka uione inavyofanywa vibaya. Lori la karanga liende huku, la saruji kule, vitunguu vya kutoka Senegali vikae katikati, teksi zizibe mapengo, ndipo watu waingie. Ukikosea, chombo kinalala upande hata kabla hakijaachana na gati.

Miaka hiyo daraja la kule juu ya mto lilikuwa halijajengwa. Nchi yetu nyembamba, na mto umeipasua kwa urefu, kwa hiyo kila kitu kilipita mikononi mwa Pa Joof: karanga za Niumi, dawa za hospitali, mabibi harusi, maiti, na watalii waliochomwa na jua wakienda kutazama kijiji cha Juffureh. Kivuko kikilala siku moja, wenye hoteli wanapiga simu, na mama wa Serekunda anauziwa kitunguu kwa bei ya nyama.

Sasa niwaambie jambo ambalo hatulisemi mbele ya abiria. Sisi wafanyakazi tunaogopa. Pale tunapovukia ndipo mto unapomwagikia baharini, ni papana, na maji yakianza kutoka hayachagui la kubeba. Injini nazo zilikuwa zimechoka. Mimi husoma Ayatul Kursi tangu kamba inapofunguliwa mpaka inapofungwa ng'ambo. Pa Joof ni Mkatoliki. Kila tukiondoka aligusa paji la uso, kifua na mabega harakaharaka, akijifanya anajikuna. Nilifanya naye kazi mwaka mzima nikidhani ana upele.

Katika sisi sote yeye ndiye aliyeogopa zaidi, na ninalisema hili kwa heshima. Kabla ya safari alizunguka akivuta kila mnyororo na kufungua kila sanduku la jaketi za kuokolea. Vijana walimcheka: "Pa, jana zilikuwepo, leo zitakuwa zimeenda wapi?" Akajibu, "Na wewe jana ulikuwepo. Kesho je?"

Wengi mmeisikia habari ya mkesha wa Tobaski, sikukuu yetu ya kuchinja, mwaka ule sikukuu ilipoangukia Disemba, msimu wa watalii umekolea. Kila mtu anaisimulia kwa namna yake. Mimi nilikuwemo, kwa hiyo niacheni niisimulie.

Tulitoka Barra mchana. Kondoo wa sikukuu walikuwa wengi kuliko watu, wamefungwa kwenye magari, kwenye nguzo, wengine kwenye vifundo vya miguu ya wenyewe. Kulikuwa na kundi la watalii wazee na mwongozaji wao. Tulipofika katikati, injini zote mbili zikanyamaza. Hakuna kelele inayotisha kama ule ukimya. Ghafla unasikia kondoo wanavyotafuna, unasikia maji yanavyogonga ubavuni.

Kivuko kikaanza kujigeuza polepole. Banjul, iliyokuwa mbele yetu, ikawa ubavuni, kisha tukaelekea mahali ambapo hapana mji wala mti, bahari tupu. Nahodha akaamuru nanga ishushwe. Ikashuka, ikawa inakokoteka tu kwenye tope. Nilianza Ayatul Kursi, nikafika katikati nikaisahau. Mimi, niliyeifahamu tangu sijaota meno ya pili! Nikarudi mwanzo, nikaisahau tena palepale.

Ndipo mitumbwi mikubwa ya injini ikaonekana ikitokea Banjul, inatujia upande wa kulia. Na watu wetu mnawajua. Feri ikichelewa, mtu wa mto huu harudi nyumbani kulalamika, anarukia mtumbwi. Ni mazoea ya tangu babu zetu. Basi wote, na mizigo yao na kondoo wao, wakakimbilia upande wa kulia ili wawe wa kwanza kuruka.

Chombo kikalala. Sanduku la jaketi nililokalia likateleza pamoja nami. Maji yakapanda juu ya ukingo wa mlango wa kupakilia, yakafika kwenye magurudumu ya lori la saruji. Kipaza sauti kilikuwa hakifanyi kazi. Msaidizi wa nahodha alipiga kelele, "Tulieni! Tulieni jamani!" Na kila alivyosema watulie, ndivyo walivyozidi kusukumana, maana mtu akikuambia utulie kwa sauti ile, unajua mambo yameharibika.

Pa Joof akapanda juu ya boneti ya teksi. Hakusema watulie. Alifungua mdomo akasema kwa sauti yote:

"Enyi Wajola wa kivuko hiki! Bibi yenu na bibi yangu, wale ndugu wawili, walipanda mtumbwi mmoja, ukapasuka katikati ya maji. Leo nataka jibu. Nani aliupasua? Si bibi yenu, alipokimbilia upande mmoja kwa kunusa wali?"

Watu waligeuka. Hakuna aliyecheka. Kila Mjola na kila Mserer analelewa na hadithi ya mtumbwi ule, kwamba sisi wala wali na wao wala uwele tumetoka kwa ndugu wale wawili, lakini nani anayetaja chombo kupasuka saa kama ile? Mzee mmoja mwenye kondoo wawili akasema, "Astaghfirullah, huyu amerukwa na akili." Na utani usiojibiwa ni tusi tu. Ulining'inia pale juu yetu kama laana.

Macho ya Pa Joof yakanitafuta. Nilikuwa nimekumbatia nguzo.

"Nyima Badjie! Umemeza ulimi? Au ni lile tembo ulilokunywa asubuhi?"

Tembo, mimi, na udhu wangu! Nilimtazama. Hapo nikaona kitu ambacho wengine hawakukiona: mguu wake ulikuwa unatetemeka kiasi kwamba bati la teksi lilikuwa linalia chini ya kiatu. Nikaelewa kwamba yule mtu hana kingine mkononi. Ameurusha utani kwa sababu ndicho kitu pekee kilichobaki, na nisipoudaka mimi, tumekwisha.

Nikajibu kwa sauti kama ya mbuzi: "Mwongo mkubwa we, mla uwele! Bibi yako ndiye aliyesimama mtumbwini! Mjola anajua kukaa chomboni. Mserer mpaka leo hajafundishwa!"

Mtu mmoja akaguna kicheko. Mama mmoja, beseni kichwani, akadakia: "Si mnamwona alivyosimama juu ya gari la watu!"

"Haya!" Pa Joof akasema. "Maneno matupu sitaki. Mjola anayejua kukaa, arudi kushoto akae chini, nimwone! Atakayebaki amesimama kulia ni Mserer mwenzangu, na kondoo wake nitamla mimi."

Yule mama akashusha beseni, akavuka, akakaa. Wakamfuata wawili, kisha kumi. Kijana wa Kifulani, nao pia ni watani wa Waserer, akauliza, "Na sisi Pa?" Akaambiwa, "Nyie kaeni hapo katikati na ng'ombe wenu, mnanuka maziwa!" Wafulani wakakaa wakimtukana vizuri kabisa. Hata Waserer wenzake walianza kuapa kwamba leo wao ni Wajola. Yule mzee aliyesema amerukwa na akili alikuwa wa mwisho. Aliwatazama kondoo wake, akamtazama Pa Joof, akavuka.

Kivuko kikarudi wima polepole, kwa mlio ambao bado nausikia. Maji yakatoka mlangoni jinsi yalivyoingia. Pa Joof aliteremsha watu kwenye mitumbwi wachache wachache, wenye watoto kwanza, na kwa waliobaki hakuuacha utani upoe hata kidogo, mpaka fundi mkuu alipoiamsha injini moja na kutufikisha Banjul. Tulipoteza kondoo mmoja. Mtu, alhamdulillahi, hakuna. Mtalii mmoja bibi kizee, ambaye alikaa kwa sababu aliona wote wanakaa, alimtuma mwongozaji aniulize ile ilikuwa sala gani.

Nimewahi kuwaza kama tungezama. Roho zetu kwanza. Kisha ndege za wageni zisingekuja tena msimu ule, na dada yangu anayefua mashuka hotelini Kololi angerudishwa nyumbani, na dereva wa teksi, na muuza maembe wa ufukweni. Wote hao walikuwa juu ya boneti ile na hawajui.

Kampuni ilimpa cheti, na kwa utumishi wake ikamwongezea cheo. Lakini msidhani aligeuka jasiri. Siku moja nilimwambia, "Pa, wewe hofu ya maji ulishaimaliza." Akanijibu taratibu, "Nyima, siku ile ulinijibu. Kila asubuhi nawatazama abiria wakipanda, nauliza moyoni: leo nikiita, nani ataitikia?"

Swali hilo sasa ni langu. Kuanzia tarehe mosi Disemba nimepewa nafasi yake sitahani mpaka atakapopatikana mwingine, na sitawaficha, tangu nilipoambiwa chakula hakipiti. Abiria wa siku hizi wameziba masikio kwa nyaya za simu. Kwa hiyo wenzangu mliokaa hapa leo, nawaomba kwa jina la Mungu: mkinisikia nikitukana bibi ya mtu katikati ya maji, msinyamaze. Jibuni, hata kama sauti inatetemeka.

Mkewe, Mama Tening, ameniambia kwamba honi ya kivuko ikilia mumewe huacha tonge ndani ya sahani, akatoka nje kuangalia kama chombo kimekaa sawa. Siku za mapumziko, hata siku ya Krismasi. Sasa wanahamia Kerewan kwa mtoto wao, mbali na honi hiyo.

Pa Joof, asante kwa miaka yote uliyotufikisha ng'ambo. Asante kwa kuogopa badala ya wote waliokuwa wakipiga picha na kula karanga. Mola akupe afya, chakula cha moto na usingizi mzito wewe na Mama Tening. Na huko uendako, ukisikia chochote kinachofanana na honi, maliza kula. Kuogopa tuachie sisi.

Nyima Badjie
Mkaguzi wa tiketi, Barra