Dada Paka, Fundi wa Tovuti Aliyechomoa Vipanya

Wasikilizaji wapendwa, siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, maana wenzangu humu studioni wameshajipanga kunisemea.

Nilikuwa nimevaa tai. Wageni wamekaa, skrini kubwa inawaka, tovuti mpya ya redio yetu inangoja kuzinduliwa. Fundi alikuwa ametujengea vizuri, lakini wiki hiyo mimi na meneja tulipenyeza mapambo yetu, pamoja na kitufe kipya cha rangi, bila kumwambia. Picha zikawa zinateleza kushoto kwenda kulia. Ya kwanza mimi, ya pili mimi, ya tatu mimi nikicheka. Nikanyoosha mkono nibonyeze kitufe cha kusikiliza. Kipanya cha kompyuta hakipo! Fundi amekichomoa, amekitia mkobani, anatabasamu.

"Kaka, tufungulie redio yako," akasema. "Kibodi hiyo hapo."

Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule. Ukurasa ukapanda, ukashuka. Redio kimya. Mgeni mmoja akakohoa. Fundi akazima skrini, akawasha programu inayosoma kurasa kwa sauti, ile wanayotumia wasioona. Ikasema: "Picha. Picha. Picha." Kitufe cha kusikiliza haikukitaja kabisa.

Fundi huyo tulimwita Dada Paka, kwa kuwa kipanya hakikai mbele yake. Dada Paka alitutoka Jumatatu, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Narudia kwa uliyefungua redio sasa hivi: Dada Paka, fundi aliyejenga tovuti ya redio hii, hatunaye tena.

Mama yake alikuwa mpiga chapa ofisini. Alimfundisha binti yake kupiga chapa mikono ikiwa imefunikwa kwa kitambaa cha meza, vidole vijue njia bila macho. Mama anasimulia: "Kiti changu kilikuwa kirefu kwake. Mtoto mwingine angesubiri akue. Huyu alichukua msumeno akakata miguu ya kiti. Nikamchapa. Halafu nikakikalia, nikaona kweli, hata mimi mgongo umepona."

Baadaye macho ya mama yaliugua, yakazimika. Vidole havikusahau. Kila asubuhi hukaa mbele ya kompyuta na kuifungua redio hii mwenyewe, bila kumwita mtu. Bila kumwita mtu, wasikilizaji wapendwa. Shikeni hilo.

Dada Paka alikuwa na msimamo mmoja. Kichwa cha habari kiwe kichwa cha habari, kitufe kiwe kitufe, na picha iwe na maelezo ya kusomeka. Kanuni zipo, dunia nzima inazijua, zifuatwe. Kitufe kilichopakwa rangi tu, kompyuta isikitambue, alikiita mlango uliochorwa ukutani. "Unanichorea mlango, halafu unaniambia nipite?"

Wateja walimkimbia, tena wengi. Mwenye duka la samani alitaka maandishi ya kijivu juu ya weupe, eti ndiyo ya kifahari. "Kifahari kwa nani, kwa ukuta?" akamuuliza. Kazi ikaenda kwa fundi mwingine. Mteja wa pili akamwita mkaidi. "Na hujaniona nikikasirika," akajibu. Njaa ilimpiga, lakini hakupinda.

Sasa turudi kwenye uzinduzi. Meneja alimvuta kando, ila kwa hasira akasahau kupunguza sauti.

"Unatuaibisha mbele ya wageni kwa ajili ya watu wangapi?"

"Meneja, hii ni redio. Asiyeona hajawahi kuzuiwa mlangoni kwa redio. Mnataka kuanza leo?"

"Nitakufuta kazi!"

"Nifute. Lakini ikiwa hivi, haizinduliwi kwa mkono wangu."

Akaketi, akakumbatia mkoba wenye kipanya. Wageni wakaletewa chai ya pili, mapambo yakang'olewa, sura yangu ikatoweka mara tatu. Kisha nikapita kitufe hadi kitufe kwa kibodi, tai imelegea, mpaka sauti ya redio ikajaa ukumbini. Aliyepiga makofi ya kwanza ni yeye. Nilitaka kununa, nikashindwa.

Kwa mama, kwa mume wake, kwa wanawe wawili: poleni sana. Mlitupa mtu mgumu, na mlaini asingetufaa.

Na wewe mwenye tovuti, iwe ya duka, ya shule au ya zahanati: leo chomoa kipanya chako ujaribu. Zima skrini usikilize. Tafakari ni nani umemwacha nje. Wala usiniambie kuwa ni wachache. Umewafungia nje, halafu unahesabu walio ndani!

Jana tulikuwa msibani. Meneja wetu ni mtu mwema, ila mapambo hayamtoki. Aliketi karibu na mama, akampa pole, kisha akashindwa kujizuia.

"Mama, tukishatulia tutaipendezesha kidogo ile tovuti. Zile picha zirudi, zichezecheze. Kitufe tutakirekebisha baadaye."

Mama akageuza uso kuifuata sauti yake.

"Zicheze tu, mwanangu. Na wewe uje hapa kila asubuhi, uniambie zimechezaje."