Osvaldo Jeronimo, Marehemu Aliyekula Matanga Yake

Baada ya miaka kumi na minane ya kuichezea klabu yetu ya kikapu, Nyota ya Shangani, ndugu Osvaldo Jeronimo anavua jezi rasmi tarehe 30 Juni 2025. Nimeombwa mimi, mtunza vifaa, niandike habari zake kwa sababu nimesafiri na timu kuliko makatibu wote: Kigali nimefika, Kairo nimefika, Lusaka nimelala mara mbili. Kwa hiyo nikisema sijaona mtu anayeruka kama Osvaldo, aliyeishia Masasi asinibishie.

Alivuka mto Ruvuma pale Kilambo, akitokea kwao Msumbiji, mwaka 2007 na begi moja, na viatu ambavyo vidole vilishatangulia nje. Mtwara nzima haikuwa na saizi yake. Tulimpata baharia mmoja bandarini mwenye miguu ya aina hiyo, tukambembeleza mpaka akavua. Akipanda bajaji, abiria mwenzake anasafiri na magoti ya Osvaldo tu.

Ametupa ubingwa wa kanda mara nne. Timu za Dar es Salaam zilimfuata na magari ya kiyoyozi. Aliwakaribisha ming'oko, vile viazi pori vyetu, wakala, wakasifu, wakarudi bila mchezaji.

Mwaka 2017 timu ya taifa ilimtaka. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, hivyo ilimbidi auache uraia wa Msumbiji. Mama yake, Bi Ines, anayeishi ng'ambo ya Ruvuma, hakugomba. Aliuliza neno moja: "Nikifa, utaomba ruhusa ndiyo uje kunizika?" Baada ya hapo kanga alizotumiwa zikawa zinarudi na mtumbwi uleule.

Osvaldo alikula kiapo, lakini mkono ukamkataa. Mtu aliyekuwa akifunga mitupo huru huku anapiga miayo, sasa akawa anagonga chuma. Zikiwa zimebaki wiki mbili timu ya taifa icheze na Msumbiji, akamwambia kocha anajitoa.

Hapo watani tukaingia. Mimi Myao, yeye Mmakonde, na utani ni mkubwa kuliko cheo cha kocha. Tulivuka mto watani saba, tukaketi uani kwa Bi Ines, tukaangua kilio: Osvaldo wa Msumbiji amefariki, tumekuja matangani, chakula kiko wapi? Sijisifu, lakini kilio kile wafiwa wa kweli hawajakifikia. Majirani walishaanza kutandika mikeka.

Bi Ines alitaka kututoa kwa mwiko. Hatukutoka; tukadai na jogoo wa marehemu. Mtani akishafika msibani hafukuzwi, na mama yule anaijua mila hiyo kutushinda. Mwisho akakaa chini, akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakawa ya kweli. Nikamwahidi mbele ya majirani kwamba siku yake ikifika, Mungu aisogeze mbali, watani ndio tutakaomvusha Osvaldo, na mambo yote ya mpakani tutahangaika nayo sisi.

Akafuta uso kwa upindo wa kanga. "Basi mwambieni huyo marehemu aje ale matanga yake," akasema. "Mimi sipikii watani peke yao."

Kesho yake marehemu alifika, akala sahani tatu. Kwenye mechi ile alifunga pointi ishirini na saba, na Bi Ines alikuwa jukwaani akishangilia kila kikapu, cha Tanzania na cha Msumbiji, na hakuna aliyethubutu kumuuliza yuko upande gani.

Sasa anahamia Kilambo, akapande mikorosho na kufundisha kikapu watoto wa kingo zote mbili. Kutoka hapo, moshi wa jiko la mama yake anauona.

Osvaldo, asante kwa jasho lote. Ukaishi kwa raha, ulale mpaka jua lichoke kukusubiri, na mikorosho yako izae mpaka uombe msaada wa watani. Na wewe Bi Ines, uliyekaa leo kiti cha mbele, mwanao tunakukabidhi akiwa mzima, isipokuwa magoti. Hayo tumeyatumia.

Salumu Chande,
mtunza vifaa na mtani