Sura ya Tatu Inatuhusu Sisi

Benchi letu lipo njia panda ya Litembo, pale bodaboda wanapogeuzia, na limetengenezwa kwa nguzo ya umeme iliyokataliwa na mafundi. Huku milimani kila mtu analima kahawa na karibu hakuna anayeinywa. Sisi watatu tunainywa, ndiyo maana tunajiona tumesoma. Mwenye birika ni Ildefonsi, tunamwita Katiba kwa sababu kila ubishi anaumaliza kwa ibara ambayo hatujawahi kuiona. Wa pili ni Nazari, Mnyasa wa Liuli aliyepanda huku kuuza dagaa wa ziwani, usipa, akaoa, akabaki. Huyu tunamwita Kapteni, ingawa amekiri mwenyewe kwamba mtumbwini alikuwa anatapika. Mimi ni Joakim, wananiita Spika. Kazi yangu ni kugawa zamu za kusema, na kwa kuwa mgawaji ni mimi, zamu nyingi huwa zangu.

Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, tulikuwa na ubishi uleule wa kila wiki: nani kati yetu amefanya kitabu cha Profesa Kilian kisomwe dunia nzima. Profesa ni mtoto wa hapahapa, anafundisha chuo kikuu ng'ambo, na ameandika vitabu kumi na viwili juu ya demokrasia. Kimoja, kwenye sura ya tatu, kinatuhusu sisi. Mwalimu Aidan alitusomea kwa Kiswahili: kwamba wanaume wa benchi moja milimani walikataa katakata mwanamke kuongoza kamati ya maji, wakabishana siku tatu, hoja ikawashinda, wakaenda wenyewe kumpigia kura Rosina. Wasomi wanauita Mfano wa Litembo. Katiba anatembea na nakala ya ukurasa huo, ameutia kwenye plastiki kama cheti cha ubatizo.

— Kimefika Brazili, alisema Kapteni.

— Brazili ni hapo tu, akajibu Katiba. Kuna nchi moja huko kwenye baridi, bunge lao likishindwa kuelewana wanafungua ukurasa wetu. Wanasoma, wanalia, wanapitisha bajeti.

— Nani kakwambia?

— Ibara ya kumi na nane. Kila mtu ana haki ya kupata habari. Mimi nimezipata.

— Basi Profesa atakuwa tajiri wa hekima yetu.

— Ametuibia, Kapteni! Nadharia yenyewe ni ngoro zetu. Mlima mzima tumeuchimba mashimo, mvua ikija kila shimo linapokea lake, udongo hauendi popote. Mababu waliichimba demokrasia kwa jembe, yeye kaja kuichimba kwa kalamu.

— Na usipa je? Hauna mfalme. Kundi zima likigeuka, limegeuka.

— Ndiyo maana linaishia kwenye wavu!

— Samaki mkunje angali mbichi, Katiba.

— Usipa unaukunjia wapi, Kapteni? Una urefu wa kidole!

Nikapiga benchi kwa kiganja.

— Utaratibu, waheshimiwa! Mnasahau kwamba hoja iliyovunja ubishi, siku ya pili, mchana, ilikuwa yangu.

— Ipi hiyo?

— Ilikuwa ndefu, nikasema.

Hapo bodaboda ikasimama, akashuka binti mwenye begi mgongoni na vumbi hadi kwenye nyusi.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanetu.

Alisema anaitwa Jacqueline, mwanafunzi wa Profesa Kilian. Profesa anakaribia kustaafu na anatayarisha toleo jipya la kitabu. Amemtuma ahakikishe sura ya tatu neno kwa neno. Katiba alimmiminia kahawa kabla hajamaliza kueleza.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Karibu, mwanangu. Sisi ndio Mfano.

Jacqueline akacheka, akakaa, akatoa daftari. Akasema jana yake alishinda ofisi ya kijiji na karani akamfungulia kumbukumbu za mkutano ule wa kumchagua Rosina. Waliohudhuria wameandikwa wote.

— Wanawake ni wengi sana, alisema. Wanaume ni tisa. Majina yenu sikuyaona, nikadhani karani aliruka ukurasa. Kwani siku ile mlipiga kura?

Aliuliza kwa upole tu, kama mtu anayeuliza njia. Kapteni akachungulia ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama humo. Katiba akafungua mdomo, nikaona ibara inapanda, ikafika kwenye meno, ikarudi.

— Spika, akanong'ona, hii zamu ni yako.

Uongo ukiusema miaka kumi na minne unaota mizizi, mpaka mwenyewe unaukumbuka kama jambo lililotokea. Mimi nilikuwa nalikumbuka hata jua la siku ile tulipokwenda kupiga kura. Lakini hatukwenda. Tulikuwa hapa, tunabishana kama mwanamke anaweza kuongoza, na tulipoinuka kwenda kumkataa Rosina tukakutana na watu wanarudi wakiimba. Wiki iliyofuata Profesa akaja na kinasa sauti, akauliza imekuwaje wanaume wa huku wakamkubali mama. Mimi ndiye Spika. Ningesemaje kwamba tulichelewa? Nikamwambia tulijadiliana siku tatu, hoja ikashinda.

Hayo yote nilimweleza Jacqueline. Hakunikemea. Alitoa simu, akaongea kidogo pembeni, kisha akaiweka juu ya benchi kwa sauti ya wazi, sote tusikie.

— Mzee Joakim, ikasema sauti ya Profesa iliyozeeka. Ni kweli?

— Ni kweli, Profesa. Nisamehe.

— Wanafunzi niliowafundisha jambo hili sasa ni walimu. Nao wanalifundisha.

Tulisikia anapumua, na nyuma yake mlango ukifungwa, huko aliko.

— Basi niambie kitu kimoja, akasema. Kama si ninyi, Rosina aliwaambia nini watu hata wakamchagua?

Nikamtazama Kapteni, Kapteni akamtazama Katiba. Kahawa ilikuwa imechemshwa kwa maji ya bomba la Rosina, kama kila siku, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza.

— Hatujui, nikasema.

— Nendeni mkamuulize.

Wenzangu walibaki, Katiba akidai mguu unamuuma, Kapteni akidai kumtunza Katiba. Nilipanda mlima na Jacqueline hadi kwenye tangi. Bomba lilikuwa limepasuka, na Rosina alikuwa ndani ya tope hadi magotini, spana mkononi.

— Dada Rosina, nikamwambia, nimekuja kukuuliza. Mwaka ule wa uchaguzi uliwaambia nini watu?

— Leo ndiyo unauliza?

— Leo.

Alicheka mpaka akaegemea tangi.

— Sikuwaambia kitu, kaka. Nilipita nyumba kwa nyumba nikawauliza akina mama wanaamka saa ngapi kwenda mtoni. Basi. Wengine walilia, maana hawakuwahi kuulizwa na mtu. Saa nilizotajiwa ndizo nilizozisoma mkutanoni, jina kwa jina, nikakaa chini.

Jacqueline alikuwa anaandika haraka. Rosina akaniangalia, kicheko kimekwisha.

— Kwako nilipita pia. Mkeo Gaudiosa aliniambia anaamka saa tisa usiku. Alisema anatoka polepole ili asikuamshe, kwa sababu unachoka sana na mikutano.

Miaka yote ile niliamka nikakuta maji ya kunawa yapo mlangoni, na ndoo imejaa. Sikuwahi kujiuliza yanafikaje.

Kalamu ya Jacqueline ikasimama.

— Hili niliandike, mzee?

— Liandike, nikamwambia. Na jina langu uliweke kamili.