Nani Kaichezea Dawa ya Jovin?

Asubuhi ile benchi la kahawa nyuma ya soko, pale Mawenzi, lilijaa kabla birika halijachemka. Jovin alikaa pembeni, kikombe mkononi, hanywi. Jana yake, akiwa shambani kwake Uru, alitetemeka ghafla, jasho likamtiririka, akaanguka katikati ya migomba. Bahati jirani alimuona, akamnywesha soda. Na anayemtunzia dawa yake ya sukari, insulini ya sindano, ni mkewe, Violet. Wazo hilo halikumtoka kichwani.

— Kipimo hukubadilisha? aliuliza Basili, waliyemwita Wakili kwa kupenda ubishi.

— Kile kile, miaka yote.

— Basi imechezewa. Kikulacho ki nguoni mwako, Mangi Jovin.

— Au feki, alidakia Yakobo. Yeye huuza dawa za kuku, ndiyo maana wakamwita Dokta. Akaendelea: Insulini ni homoni, mnajua? Homoni! Kuku wa kisasa anavimba kwa wiki chache. Sasa mtu je?

— Acha kuku wako, Wakili alimkata. Jovin, kihamba chako, hilo shamba la migomba, kina jina la nani?

— Langu.

— Na ukifa?

— Cha Violet.

— Umeona? Haba na haba hujaza kibaba. Leo tone, kesho tone, keshokutwa tunakuzika.

— Nilimuuliza alfajiri kama kaichezea, Jovin alisema taratibu. Akalia. Akajifunga kanga, akapanda gari la kwenda mji wa Mkuu, kwa mama yake.

— Kakimbia! Wakili akapiga paja. Paka akiondoka panya hutawala!

— Panya ni nani hapo? Dokta akauliza.

Wakili akainua kikombe, akanywa. Mama mmoja wa makamo, Grace, alikuwa ameshajisogeza benchini, akaagiza kahawa, sukari asitiwe. Alikuwa ametoka kliniki ya sukari.

— Baba, samahani. Jana ulichoma wapi?

— Nyumbani.

— Hapana. Mahali gani mwilini?

Wakili akamtazama Dokta. Dokta akatazama viatu vyake.

— Tumboni, Jovin alisema. Siku zote nachoma pajani, hapa hapa, maana pameshazoea, hapaumi. Pameota kinundu kigumu. Violet alipokiona akasema nihame.

— Kwenye kinundu dawa inaingia kwa kusuasua. Mimi nami yalinikuta. Ukihamia penye ngozi nzima, tena tumboni, inaingia haraka, basi kipimo kile kile kinashusha sukari kupita kiasi, unaanguka. Kuhama ni sawa, ila mngemuuliza nesi kwanza. Nenda leo leo wakupangie upya.

Dokta akasukuma kikombe chake kiongezwe. Birika lilikuwa tupu.

Jovin alisimama, akaenda mpaka ukutani, akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

— Violet…

Alisikia watu na honi za stendi ya Mkuu. Alisubiri atukanwe, na moyoni aliona ni haki yake.

— Umekula? Violet akauliza.

— Bado, Jovin alisema, akiegemea ukuta. Nisamehe.